Mega zinakufa kabla ya habari kufika

BENI – Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya mafuta ya mawese. Naleta maoni yangu juu ya kitu ambacho karibu kila nyumba inanunua na ambacho wachache wanajua kukipima: mega za intaneti.

Mama mmoja mkimbizi, anayeishi hapa mjini katika familia iliyompokea, alikuja kuniona asubuhi moja akiwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Kijana wake alikuwa amebaki upande wa Lubero, na kwa siku tatu hakupatikana. Jioni iliyotangulia, mega za mwisho zilizokuwa katika simu ziliingiza alama ya ujumbe wa sauti kutoka namba ya kijana, kisha zikaisha. Mama akatoa franga 500, akaweka mega za siku moja. Rezo ikawa dhaifu. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, ujumbe haukufunguka. Ikafika saa sita ya usiku na mega zikafa. Karibu zote zilikuwa bado hazijatumika.

Mama hakulala. Kulipokucha akakopa franga 500 nyingine kwa jirani, akaweka tena. Safari hii ujumbe ulifunguka. Kijana alikuwa anasema: "Mama, tumefika Butembo, tuko wazima." Ni maneno ya sekunde chache tu.

Tulimshukuru Mungu pamoja naye. Lakini alipoondoka nilibaki na swali moja: kwa nini mama huyu alilipa mara mbili ili asikie sekunde chache? Pesa ya kwanza ilinunua nini?

Watu wa miji mikubwa wanaposema "intaneti ya nyumbani" wanafikiri kiboksi juu ya kabati, malipo ya mwezi, na watoto wanaoangalia filamu sebuleni. Kwetu Beni, Oicha, Mangina na Butembo, intaneti ya nyumbani ni simu moja inayotumiwa na watu sita au saba. Asubuhi baba anauliza kama njia ya shamba iko salama. Mchana mama anatafuta ndugu waliotawanyika. Usiku mwanafunzi anaazima simu hiyohiyo apakue masomo, kwa sababu mega za usiku ni za bei nafuu. Kwa familia iliyokimbia, simu hiyo ndiyo anwani iliyobaki. Nyumba imeachwa, kijiji kimeachwa, lakini namba ni ileile. Kwa hiyo tusikubali mtu atuambie kwamba bei ya mega ni habari ya vijana wanaopenda video.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Anayeweka mega za franga 500 kila siku, mwisho wa mwezi wa siku 30 ametoa franga 15,000. Mwenye mshahara anaweza kutoa pesa kama hiyo mara moja, akachukua mega za mwezi mzima, na kila mega ikamfikia kwa bei ndogo kuliko ya yule wa kila siku. Ni kama sokoni: anayenunua maharagwe kwa kopo analipa zaidi kuliko anayenunua mfuko. Hilo tumelizoea, na hatugombani na mama muuzaji kwa sababu yake. Lakini kuna tofauti kubwa. Maharagwe ya kopo ukiyabakiza leo, kesho unayapika. Mega ukizibakiza leo, kesho hazipo. Hakuna muuzaji wa soko la Beni ambaye angethubutu kupita nyumbani kwako usiku kuchukua maharagwe ambayo hukuyala.

Dunia ina kipimo chake. Mwaka 2018, Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya mwendo wa kasi iliweka lengo kwamba, ifikapo 2025, bei ya intaneti ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Pato la Mkongomani ni karibu dola 600 kwa mwaka. Asilimia 2 yake ni karibu dola moja kwa mwezi. Kwa upande wa simu, mwaka 2024 wapimaji wa kimataifa walihesabu giga 2 kwa mwezi kuwa ndicho kiasi cha kuanzia. Maana yake ni hii: giga 2 za mwezi mzima zingepaswa kupatikana kwa dola moja hivi. Kila msomaji achukue simu yake, atazame bei za kampuni yake, ajijibu mwenyewe kama tumefika hapo.

Na huo ni wastani wa nchi nzima. Tuuingize katika nyumba moja. Mama anayelima kwa kibarua, tuseme anapata franga 60,000 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni franga 1,200. Hizo ni mega za siku mbili tu za franga 500, na chenji ya franga 200. Siku 28 zilizobaki atakaa bila habari, au atapunguza unga.

Bei ni nusu ya shida. Nusu ya pili ni mizani.

Walimaji wa kakao wa hapa wananielewa haraka nikisema neno mizani. Mnunuzi anaweza kukutajia bei nzuri ya kilo, kumbe mizani yake imechezewa, na kilo zako kumi zinakuwa nane. Bei nzuri juu ya mizani mbovu ni bei mbaya. Intaneti nayo ina mizani mbili. Ya kwanza inapima wingi: mega na giga ulizonunua. Ya pili inapima mwendo: zinafika kwa haraka gani. Mwendo unahesabiwa kwa megabiti kwa sekunde, na inachukua megabiti 8 kupata mega moja. Kwa hiyo tangazo likisema "mwendo mpaka 8", maana yake ni kwamba siku nzuri kabisa utapokea mega moja kwa sekunde. Neno la kuangalia hapo ni "mpaka". Hata gari bovu linaweza kuandikwa "linakimbia mpaka kilomita 100".

Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata mega moja. Kwa hiyo mega za yule mama zilikuwa nyingi sana kwa ujumbe wake. Kilichokosekana ni mwendo. Aliuziwa maji mengi katika bomba ambalo halitiririki, na ilipofika saa sita ya usiku akahesabiwa kwamba ameyanywa.

Niseme pia upande wa makampuni, maana mwandishi asiyesikiliza pande mbili si mwandishi. Kufikisha intaneti huku kwetu si kazi rahisi. Nchi yetu ni kubwa, lakini mlango wake wa bahari ni mwembamba, kule Muanda, na huko ndiko waya mkubwa wa chini ya bahari unaoitwa WACS ulikotuunganisha mwaka 2013. Kutoka Muanda mpaka Beni ni kuvuka nchi nzima, misitu na mito. Kwetu mashariki, njia fupi ya nyaya ni ya Bahari ya Hindi, kupitia nchi za jirani. Kila anayepitisha mzigo katika nchi ya mwingine analipa njiani. Wafanyabiashara wanaopita Kasindi wanalijua hilo. Baadaye kuna antena. Mahali pasipo na umeme, antena inakula mazutu mchana na usiku, au inahitaji paneli za jua na betri ambazo wezi wanazitamani. Fundi naye hawezi kwenda kuitengeneza kama barabara si salama.

Kuna pia kodi. Hatujasahau RAM, ile tozo ya orodha ya simu iliyoanza mwaka 2020. Ilikatwa kidogo kidogo ndani ya unite zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G. Watu walilalamika nchi nzima, na mwaka 2022 serikali ikaifuta. Mimi nachukua masomo mawili hapo. La kwanza, sehemu ya bei tunayoilaumu kwa kampuni inaweza kuwa imewekwa na serikali. La pili, raia wakisema kwa sauti moja na kwa muda mrefu, kitu kinaweza kufutwa.

Sasa, nini kinashusha bei? Walimaji wa kakao wanajua jibu hili pia. Mnunuzi akiwa mmoja kijijini, yeye ndiye anayepanga bei na yeye ndiye mwenye mizani. Wakija watatu, kila mmoja anaanza kukuita "baba" na kukuongezea franga. Kwa intaneti ni hivyohivyo, ila sisi ndio wanunuzi: tunahitaji wauzaji wengi. Katika Kongo nzima makampuni makubwa ya simu ni manne: Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Yalikuwa zaidi, lakini mwaka 2016 Orange ilinunua Tigo. Na manne ya nchi si manne ya kijiji. Ukitoka mjini, mara nyingi unapanda kilima kutafuta rezo ya kampuni moja tu, na ukiikosa unashuka.

Tuangalie Kenya kidogo, maana huko wauzaji wamegombania mteja mbele ya macho ya wote. Starlink, kampuni ya Marekani inayoleta intaneti kwa satelaiti, ilianza kuuza huko mwaka 2023. Mwaka 2024 ikaleta malipo madogo ya shilingi 1,300 kwa mwezi kwa giga 50. Safaricom, kampuni kubwa kuliko zote nchini humo, iliandikia mamlaka ya mawasiliano ikitaka makampuni ya satelaiti yasipewe leseni peke yao, bali yapite kwa kampuni zilizoko tayari. Lakini Septemba ya mwaka huohuo Safaricom ilifanya jambo jingine: iliongeza mwendo wa intaneti ya nyumbani bila kugusa bei. Aliyekuwa analipa shilingi 2,999 kwa megabiti 10 akapata 15. Aliyekuwa analipa shilingi 6,299 kwa megabiti 40 akapata 80. Nyaya zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba wauzaji wengine walikuwa wamefungua duka mbele yake: Starlink angani, na makampuni mengine ya nyaya mitaani.

Kwetu, mnamo Machi 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ilitangaza kwamba kutumia Starlink ni kinyume cha sheria kwa sababu haikuwa na leseni. Hofu ya usalama ilitajwa pia: vifaa hivyo visitumiwe na makundi yenye silaha. Mei 2025, ARPTC hiyohiyo ikatangaza kwamba Starlink imepewa leseni. Naielewa hofu ya usalama. Sisi wa Beni hatuhitaji kufundishwa maana ya usalama. Lakini mwenye bunduki hangojei kibali. Katazo liliwafunga zaidi wale wanaotii sheria: shule, zahanati, mfanyabiashara mdogo, redio ya mtaani.

Hata hivyo nisiwadanganye. Sahani ya satelaiti haitamfikia yule mama. Bei ya kifaa peke yake ni pesa ambayo hajawahi kuishika mara moja. Makampuni yatagombania kwanza hoteli, mashirika na nyumba za wenye gari. Ushindani unaanza mahali penye pesa, na anayenunua kwa kopo anaweza kubaki na kopo lake lilelile huku wengine wakisherehekea mwendo mkubwa. Ndiyo maana nasema ushindani tuutake, lakini peke yake hautoshi. Pale muuzaji anapokuwa mmoja, sheria ndiyo inayosimama mahali pa muuzaji wa pili.

Mimi naomba mambo matatu.

La kwanza: saa ya mega isimame pale rezo inapokufa. Makampuni yatanijibu kwamba mega za siku moja ni za bei ndogo kwa sababu zinakufa haraka, na zikiishi muda mrefu bei itapanda. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nalikubali nusu. Basi muda ubaki, lakini uhesabiwe kwa haki. Kama antena ya mtaa wangu ilizimika saa tano, niongezewe saa tano. Mitambo yao inajua dakika ile antena ilipozimika; haihitaji kuniuliza. Na mega zilizobaki, mteja aweze kuzisogeza mbele au kumpa ndugu yake. Hii si ndoto. Afrika Kusini, mamlaka yao inayoitwa ICASA iliweka sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2019, kwamba makampuni lazima yampe mteja njia ya kusogeza mega zilizobaki na kumhamishia mwingine. Makampuni ya huko hayakufunga milango.

La pili: mizani iwe wazi. ARPTC ipime mwendo wa kweli, mtaa kwa mtaa na kampuni kwa kampuni, mjini na vijijini, isitangaze tu wastani wa nchi. Matokeo yasomwe redioni, kwa Kiswahili, ili mama asiye na intaneti naye ayasikie. Tukijua kwamba kampuni fulani ina rezo nzuri Mangina na mbaya Oicha, tutajua unite ya nani tununue. Hapo ndipo ushindani unapoanza kweli.

La tatu: pesa ya wote ifike kwa wote. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 ina mfuko maalumu wa kupeleka mawasiliano mahali ambapo makampuni hayaoni faida. Kijiji kilichopokea wakimbizi kuliko wenyeji wake ni mahali kama hapo. Hatuombi sahani kwa kila nyumba. Sahani moja kwenye kituo cha afya, shuleni, au kwenye klabu ya wasikilizaji, yenye paneli ya jua na kamati inayohesabu matumizi, inaweza kuhudumia mtaa mzima kwa ujumbe wa sauti na maandishi. Kibali cha kugawana kiwe rahisi na kiwe cha bei ndogo, ili mzee wa mtaa asionekane mhalifu kwa kuwaunganisha watu na watoto wao.

Kuna jambo moja la zamani ambalo sisi wa huku tunalikumbuka. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilipiga kura. Beni na Butembo hatukupiga. Uchaguzi wetu ulisogezwa, wakasema ni Ebola na usalama. Siku iliyofuata intaneti ikakatwa nchi nzima, kwa karibu wiki tatu. Kura hatukupewa, lakini katazo tulipewa sawa na wengine. Mimi nilikuwa na mega za mwezi katika simu. Intaneti iliporudi, muda wake ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyenirudishia hata moja. Siku ile nilielewa kwamba saa ya mega haijali nani amefunga mlango. Inatembea tu.

Wakati tunangoja wakubwa, nasi tuna la kufanya. Usinunue mega kabla ya kuangalia kama rezo ipo. Zima video zinazojifungua zenyewe na picha zinazojipakua; zinakula mega bila kukuomba ruhusa. Ndugu aliye mbali mwambie aandike habari ya haraka kwa maneno, au atumie SMS ya kawaida, maana SMS haihitaji mega na inapenya hata rezo ikiwa dhaifu. Vilevile, kwa simu nyingi pesa ya simu inapokelewa bila mega, kwa namba za nyota. Asiwepo anayekuuzia mega kwa kisingizio hicho.

Na mega zikifa mkononi mwako, usinung'unike tu jikoni. Andika kwenye daftari: siku, saa, mtaa, kampuni, kiasi ulicholipa na mega zilizobaki. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule. Leteni madaftari hayo kwenye klabu zenu za wasikilizaji. Malalamiko ya mtu mmoja yanaitwa kelele; madaftari mia moja kutoka mitaa kumi ni ushahidi, na nitauandikia mamlaka barua nikiwa nao mkononi.

Yule mama alirudi juzi. Kijana amepata kibarua Butembo. Aliniambia, akicheka, kwamba sasa kijana anamtumia SMS ya maneno mawili kila jioni: "Niko mzima." Mega anazinunua siku ya Jumapili tu, ili asikie sauti.

Nilicheka naye. Lakini mzazi kusikia sauti ya mtoto wake mara moja kwa wiki, kwa sababu siku nyingine sita sauti hiyo ni ya bei kubwa, si jambo la kuzoea. Hayo ndiyo maoni yangu. Nangoja yenu.